Castelnaudary: Mji wa Chungu na Mfereji

Kusini mwa nchi ya Ufaransa, katika njia itokayo Toulouse kwenda bahari ya Mediteranea, upo mji mdogo uitwao Castelnaudary. Wakaaji wake ni kama elfu 12 tu. Hauna jumba la mfalme, wala migodi, wala bandari ya bahari. Hata hivyo, utaje mbele ya Mfaransa yeyote: atatabasamu na kukujibu neno moja, cassoulet. Neno hilo hutamkwa kasule, nalo ni jina la chakula. Na chakula chenyewe ni nini? Kumbe, ni maharage!

Naam, wasomaji wapenzi, ni maharage, jamaa ya yale yale tupikayo katika nyumba zetu. Leo twataka kuuzuru mji huo, tutazame ulivyokaa, tusikie habari zake za kale, kisha tuketi mezani pamoja na wenyeji. Nasi tutaona jambo la kutufikirisha: chakula ambacho mji huo hujivunia kuliko vyote, na kukiita urithi wa mababu, sehemu yake iliyo kubwa ililetwa na mgeni.

Ujia kati ya milima

Castelnaudary umejengwa juu ya kilima kidogo, katika nchi ya Lauragais. Nchi hiyo ni kama ujia mpana. Upande wa kaskazini wainuka Mlima Mweusi, ambao Wafaransa huuita Montagne Noire, wenye misitu na mvua nyingi. Mbali upande wa kusini, siku ya mbingu safi, huonekana milima mirefu ya Pyrénées, yenye theluji, ambayo hutenga Ufaransa na Hispania. Katikati ni vilima vya udongo mzito na mashamba ya ngano.

Pepo mbili hushindana katika ujia huo: Cers, utokao magharibi, na Autan, utokao kusini-mashariki, ambao huvuma siku nyingi mfululizo hata watu wakachoka kuusikia. Wazee wa zamani hawakuulaumu upepo, waliutumikisha. Walijenga vinu vya upepo juu ya vilima ili kusaga ngano. Kimoja chao, kinu cha Cugarel, cha karne ya 17, kimetengenezwa upya, nacho chasimama hata leo kikiutazama mji wote.

Jina la mji latokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya ngome mpya. Wenyeji wake huitwa Chauriens. Katikati ya nyumba zao limesimama kanisa kubwa la Mtakatifu Mikaeli, ambalo mnara wake huonekana kwanza na msafiri ajaye kutoka mbali.

Ujia ni baraka, tena ni hatari. Hupitisha wafanya biashara, hupitisha na majeshi. Mwaka 1211, katika vita vya kuwapiga Wakathari, Simon de Montfort alizingiwa humo na jeshi la Raymond VI, mtawala wa Toulouse, akaponea chupuchupu. Mwaka 1632, tarehe 1 Septemba, karibu na kuta za mji, mtukufu Henri de Montmorency aliyemwasi mfalme Louis XIII alishindwa vitani, akajeruhiwa na kukamatwa. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Oktoba, alikatwa kichwa huko Toulouse. Lakini siku ambayo wenyeji huikumbuka zaidi kuliko hizo ni ya mwaka 1355.

Hadithi ya chungu kikubwa

Siku zile Wafaransa na Waingereza walikuwa katikati ya vita virefu viitwavyo Vita vya Miaka Mia. Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyepewa jina la Mwana Mfalme Mweusi, alitoka Bordeaux na jeshi lake, akapita nchi yote mpaka Narbonne akichoma vijiji na miji.

Basi, wenyeji husimulia hivi. Waingereza waliuzingira mji wa Castelnaudary hata chakula kikawa karibu kwisha. Hapo kila nyumba ilitoa kilichobaki: huyu konzi la maharage, yule kipande cha nyama ya nguruwe, mwingine soseji, mwingine paja la bata bukini. Wakavitia vyote katika chungu kimoja kikubwa, wakapika, wakawapa askari wao. Askari wakala wakashiba. Wakatoka kwa ushujaa mkubwa, wakawafukuza adui mpaka baharini!

Hadithi hiyo ni tamu, nayo yasimuliwa mpaka leo. Lakini mwenye kupenda ukweli hana budi kusema mambo mawili. La kwanza, mwaka 1355 mji haukushinda: jeshi la Edward liliuteka na kuuchoma moto. La pili, maharage meupe ya cassoulet hayakuwako Ulaya wakati ule. Mmea wake asili yake ni Amerika, na Christopher Columbus alifika huko mwaka 1492, yaani zaidi ya miaka 130 baada ya moto ule. Watu wa zamani za vita wakipika chungu cha namna hiyo, walitumia maharage mapana ya kale ya Ulaya, ambayo ni mmea mwingine kabisa.

Je, tuseme kwamba wenyeji ni waongo? La. Hadithi imehifadhi jambo lililo kweli: kwamba wakati wa shida nyumba moja haitoshi, na kidogo cha kila mtu kikiwekwa pamoja hulisha wengi. Tena ukweli wenyewe hauwapunguzii sifa. Kumfukuza adui kwa siku moja ni ushujaa. Lakini kurudi penye majivu, kuokota mawe, kujenga kuta tena na kulima tena mashamba yaliyokanyagwa na farasi, huo ni ushujaa wa miaka mingi, ambao hauimbwi sana.

Bahari yatwaa, bahari yaleta

Katika karne ya 15 na ya 16 utajiri wa Lauragais ulitoka katika mmea uitwao pastel. Majani yake yalisagwa na kuviringwa kuwa matonge, yakakaushwa. Kisha yakatoa rangi nzuri ya samawi ya kutilia nguo. Wafanya biashara wa Toulouse walijenga majumba ya fahari kwa faida yake. Lakini merikebu zilipoanza kuleta nili kwa wingi kutoka nchi za mbali, rangi ya pastel ikashuka bei, na mashamba yake yakaachwa. Ndivyo bahari ilivyotwaa mali ya wakulima wale.

Bahari iliyotwaa ndiyo iliyoleta pia. Pamoja na merikebu zilizotoka Amerika zilikuja mbegu ngeni: mahindi, na maharage meupe. Husimuliwa kwamba mbegu za maharage zilifika Ufaransa pamoja na Catherine de Médicis, binti wa Firenze katika Italia, alipokuja kuolewa mwaka 1533 na Henri, mwana wa mfalme. Catherine huyo alikuwa pia na milki ya Lauragais. Iwe ni yeye, au ni wachuuzi wasiojulikana majina, udongo mzito wa nchi hiyo uliipokea mbegu vizuri. Polepole maharage ya kigeni yakachukua mahali pa yale ya kale katika chungu, na baada ya vizazi vichache hakuna aliyekumbuka kwamba zamani yalikuwa mageni.

Jambo hilo latuhusu sisi pia. Maharage tulimayo katika milima ya Kivu, na ambayo jirani zetu wa Rwanda na Burundi hula kila siku, ni ya ukoo ule ule wa Amerika. Wataalamu hufikiri ya kuwa Wareno ndio walioyafikisha katika pwani za Afrika tangu karne ya 16. Toka huko yakasafiri bara, kutoka mkono wa mkulima mpaka mkono wa mkulima mwenzake. Basi mama wa Bukavu na mama wa Castelnaudary, kila mmoja akifunika chungu chake, wapika wana wa mama mmoja. Wala hapana hata mmoja wao awezaye kumwambia mwenzake: maharage ni ya kwetu tangu kuumbwa ulimwengu.

Na chungu chenyewe? Hicho ndicho cha nyumbani hasa. Karibu na mji kipo kijiji cha Issel, ambacho udongo wake wafaa sana kufinyangia. Wafinyanzi wa huko walitengeneza chombo chenye mdomo mpana na tako jembamba, kilichopakwa ndani rangi ya kung'aa ili kisivuje. Chombo hicho huitwa cassole. Toka jina la chombo likaja jina la chakula: cassoulet. Mgeni alileta mbegu, mwenyeji akaleta chungu.

Bwana Riquet na maji ya mlima

Tukitelemka kutoka kanisani, twafika penye maji mapana, yametulia kama kioo, nyumba na mnara zikionekana ndani yake. Mgeni hufikiri ni ziwa. Si ziwa, ni kazi ya mikono ya watu. Ni bandari ya Mfereji wa Kusini, Canal du Midi, yenye eneo la hektari 7.

Tangu zamani wafalme walitamani kuunganisha bahari ya Atlantiki na Mediteranea, ili merikebu zisizunguke Hispania nzima. Shida ilikuwa moja: katikati ya njia nchi huinuka. Mashua itapandaje kilima? Na maji ya kuijaza njia hiyo huko juu yatatoka wapi?

Aliyejibu swali hilo hakuwa mhandisi wa shule. Alikuwa mtoza kodi ya chumvi, jina lake Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers. Alitembea sana katika nchi hiyo kwa kazi yake, akatazama vijito vya Mlima Mweusi, akatambua kwamba vyaweza kukusanywa na kuletwa mpaka Naurouze, mahali palipo juu kuliko pote katika njia hiyo, si mbali na Castelnaudary. Huko Naurouze maji hugawanyika, mengine kwenda Atlantiki, mengine Mediteranea.

Mwaka 1666 mfalme Louis XIV alitoa amri kazi ianze. Mlimani, huko Saint-Ferréol, lilijengwa boma kubwa la kuzuia maji, likafanya ziwa lenye zaidi ya mita za ujazo milioni 6. Ilifika siku ambapo watu wapatao 12,000 walikuwa kazini pamoja, wanaume kwa wanawake. Riquet aliwapa ujira hata kwa Dominika na sikukuu, na kwa siku ambazo mvua ilizuia kazi. Jambo hilo halikuwa la kawaida katika nyakati zile. Wenyeji wa Castelnaudary nao walitoa fedha zao ili mfereji upite chini ya mji wao.

Na kilima je? Walijenga vyumba vya mawe vyenye malango mbele na nyuma. Mashua huingia chumbani, lango hufungwa nyuma yake, maji huingizwa, nayo huiinua mashua mpaka iwe sawa na maji ya juu. Lango la mbele hufunguliwa, mashua ikaendelea na safari. Huko Castelnaudary, mahali paitwapo Saint-Roch, vyumba vinne hufuatana kama vidato vya ngazi. Bandari ile pana ilichimbwa ili kuweka akiba ya maji ya vyumba hivyo.

Riquet alitumia mali yake mwenyewe hata akaingia katika madeni makubwa. Alikufa tarehe 1 Oktoba 1680. Mwezi wa Mei 1681 mfereji ulifunguliwa, wenye urefu wa kilometa 240, naye hakuuona. Kwa miaka karibu 200 ngano ya Lauragais ilisafiri juu ya maji hayo, pamoja na divai na abiria, mpaka gari la moshi lilipofika mwaka 1857 na kuanza kuwanyang'anya wenye mashua kazi yao.

Namna ya kupika

Sasa tuingie jikoni. Mpishi wa Castelnaudary huanza jana kwa ajili ya leo. Jioni hutia maharage meupe yaliyokauka katika maji ya baridi, yalale humo usiku kucha. Asubuhi humwaga maji hayo, huyachemsha maharage kwa dakika 5, humwaga tena. Kisha huyapika katika supu iliyotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe, pamoja na kitunguu saumu, mpaka yalainike bila kupasuka.

Wakati huo hukaanga nyama ya nguruwe na soseji, na kutayarisha mapaja ya bata. Bata huyo hupikwa kwanza polepole katika mafuta yake mwenyewe na kuhifadhiwa humo. Ndiyo njia ya kale ya kuweka nyama isioze mpaka miezi ya baridi. Halafu hukipanga chungu. Chini kabisa hutandika ngozi ya nguruwe, juu yake sehemu ya maharage, kisha nyama, kisha maharage yaliyobaki. Soseji huzamishwa juu, migongo yake ikionekana. Humimina supu mpaka ifunike maharage, hukitia chungu katika tanuri isiyo kali sana, hukiacha humo saa 2 au 3.

Hapo ndipo penye siri. Juu ya chungu hufanyika ukoko wa rangi ya dhahabu. Mpishi hauli wala hauondoi. Huuvunja kwa kijiko na kuuzamisha, kisha hungoja ukoko mwingine. Huuvunja tena, na tena. Wazee hutaja mara saba. Maharage yakianza kukauka, huongeza supu kidogo. Na aliye mpishi hodari hukipika chakula hicho siku moja kabla, akikipasha moto kesho yake polepole, maana siku ya pili huwa kitamu zaidi.

Zamani si kila nyumba ilikuwa na tanuri. Yasimuliwa kwamba akina mama walichukua vyungu vyao kwa mwokaji mikate, wakaviweka katika tanuri lake baada ya mikate kutolewa, moto ukiwa umepungua. Hivi joto la mwisho, ambalo lingepotea bure, lilipika chakula cha familia nyingi. Tena nyama ilikuwa kidogo na maharage mengi, kwa kuwa hicho kilikuwa chakula cha wakulima, si cha mabwana.

Ndugu watatu wagombanao

Miji miwili ya jirani, Toulouse na Carcassonne, nayo hudai kuwa cassoulet ni yao. Watu wa Carcassonne hupenda kutia nyama ya kondoo, na majira ya kuwinda hutia kwale; wale wa Toulouse hukaza soseji yao yenye sifa. Watu wa Castelnaudary huwasikiliza kwa heshima, kisha husema kwamba hao wote ni watoto, na baba ni wao. Mwaka 1966 wakuu wa upishi wa Ufaransa walijaribu kuweka kanuni: nyama isipungue sehemu 30 katika 100, na sehemu 70 zilizobaki ziwe maharage, supu, ngozi na viungo. Kanuni ilikubaliwa, ugomvi haukwisha. Ni ugomvi wa kindugu, ambao huishia mezani.

Mwaka 1970 wenyeji waliunda chama cha kulinda chakula chao. Wanachama wake huvaa majoho, na kofia yenye umbo la chungu. Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, mji hufanya karamu kubwa, na maelfu ya wageni huja kula.

Nyuma ya karamu hizo yalikuwako mashaka. Katika karne iliyopita viwanda vya mji vilianza kutia cassoulet katika makopo na kuiuza mbali. Maharage mengi yaliyotumika yalinunuliwa nchi za nje, kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi. Wakulima wa Lauragais wakaacha kuyalima karibu kabisa. Chungu kilibaki na jina la mji, lakini mbegu haikutoka tena katika udongo wake. Ndipo, mwishoni mwa karne hiyo ya 20, wakulima wachache waliposhikana mikono, wakapanda tena. Leo maharage ya Castelnaudary yalindwa na sheria za Ulaya, ili mtu asiuze mengine kwa jina hilo.

Mfereji nao una majonzi yake. Mwaka 1996 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini tangu mwaka 2006 ugonjwa wa kuvu umeishambulia miti mikubwa iliyopandwa kandokando yake, na maelfu imekatwa. Kuvu hiyo nayo ilitoka Amerika, kama maharage. Basi si kila kijacho kutoka mbali ni heri. Mwenye hekima hupokea, tena huchungua. Hivi sasa miti ya namna nyingine yapandwa mahali pa ile iliyokufa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga wetu. Mji ule mdogo waithibitisha methali hiyo. Mgeni alileta mbegu, lakini asingeleta shibe kama mwenyeji hangekuwa na udongo wa kulimia, chungu cha kupikia na saburi ya kungoja ukoko. Riquet alileta akili, lakini bila mikono ya maelfu mlima usingetoa maji yake. Nasi tuuangalie vema urithi wetu wenyewe. Tutaona kwamba si hoja sana kuuliza kitu kilitoka wapi. Hoja ni kuuliza ni nani aliyekitunza, na ni nani atakayekitunza kesho. Castelnaudary ulijibu kwa jembe, katika shamba la maharage.